Mguu Upande wa Pili

Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wa plaiwudi, mtupu ndani, wa aina ambayo wenye nyumba huweka wakijua mpangaji hataukagua. Ukiugonga kwa kidole unasikika kama boksi la viatu. Mtu mwenye akili zake angejua nini kitatokea akiupiga teke, lakini baba wa familia iliyopanga hapa, Jumamosi ile mchana, hakuwa na nafasi ya kuwaza. Aliutandika teke. Mguu wake wa kulia ulipenya chini kidogo ya kitasa, ukaingia mpaka juu ya goti, ukatokezea upande wa pili, chumbani, mbele ya mke wake na binti yake waliokuwa wamejifungia humo. Hapo ukakwama.

Akauvuta. Vibanzi vya mbao vilikuwa vimeinama kuelekea ndani wakati mguu unaingia, na sasa ulipotaka kutoka vikamng'ata pande zote. Akauvuta tena kwa hasira, akapiga ukelele ambao hata yeye hakuutambua kuwa ni wake. Mguu wa kushoto, uliobaki peke yake kwenye sakafu ya saruji ukiwa na soksi, ukateleza. Akaanguka chali kwenye ushoroba, mguu mmoja ukiwa umening'inia mlangoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.



Kazini mtu huyu aliitwa Bwana Pole. Alikaa kwenye dirisha la malalamiko la idara ya maji, na kazi yake ilikuwa kutukanwa. Watu walipanga foleni tangu asubuhi ili wamtukane kwa zamu. Waliletewa bili za maji ambayo hayajatoka bombani, wakakatiwa maji waliyokwisha kuyalipia, nao wakaja kumwita yeye mwizi, mnyonyaji, mtoto asiye na malezi. Yeye akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo, na kwa sauti laini kama ya mtangazaji wa vipindi vya usiku akasema: "Pole sana, mteja wetu. Tunalifanyia kazi." Wenzake walimstaajabia. Bosi alimtolea mfano kwenye vikao. Hakuna aliyewahi kumwona akipandisha hata unyusi.

Nyumbani hakuwa na jina la utani. Nyumbani watu walisikia ufunguo ukizunguka mlangoni, na redio ikapunguzwa.

Asubuhi hiyo mama mmoja alikuja dirishani na chupa ya maji ya bombani kwake, maji yenye rangi ya chai ya rangi. "Kunywa," akamwambia. Bwana Pole akasema pole sana. Yule mama akaimimina chupa nzima kupitia lile tundu la dirisha. Maji yakamwagikia mapajani mwa Bwana Pole, pale hasa ambapo mwanaume mzima hapendi kuonekana amelowa. Bosi akatoka ofisini, akaangalia foleni, akaangalia suruali, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Muombe radhi mteja." Akaomba radhi akiwa amelowa. Kisha akatembea kwa miguu mpaka nyumbani na doa lake, na kila aliyepishana naye alitazama chini kwanza, halafu juu, halafu pembeni.

Alipofika, mke wake, ambaye ni msusi, alikuwa barazani akimsuka mteja. Kichwa kilikuwa kimefika nusu: upande mmoja rasta safi, upande mwingine nywele zimesimama kama zimeona mzimu. Binti yao, msichana wa darasa la sita, alikuwa amesimama mbele yao akishika chanuo kama simu, kichwa amekiinamisha kidogo, na kwa sauti ileile ya baba yake ya kazini anasema, "Pole sana, mteja wetu. Kichwa chako tunakifanyia kazi." Yule mteja alicheka mpaka akafuta machozi. Mama mtu naye alicheka.

Baba alisimama getini na suruali yake mbichi. Masikio yakamchemka. Alichokumbuka baadaye ni kwamba beseni la vifaa vya kusukia lilipaa, vioo na vibanio vikatawanyika uani, mteja akakimbilia nyuma ya tangi la maji, na mke wake akamshika binti mkono wakaingia ndani mbio. Ufunguo ukazungushwa. Yeye akavua viatu mlangoni, akaingia, na yaliyofuata ndiyo hayo.

*

"Baba," sauti ya binti ikatoka chumbani. "Unaumia?"

"Fungueni huu mlango!"

"Tukiufungua utakuburuza," mke akajibu. Sauti yake ilikuwa shwari, na ushwari huo ulimtisha kuliko kelele. "Mlango unafungukia huku ndani. Tukiuvuta, unakuja nao. Lala hapo hapo."

"Mimi nilale hapa kama nani?"

"Kama mtu aliyepiga mlango teke."

Alijaribu kuinuka, lakini kila akisogea vile vibanzi vilimkumbusha nani anatawala. Damu ilikuwa inateremka taratibu kuelekea pajani. Alilala akitazama dari ya ushoroba wake, dari ambayo hakuwahi kuitazama tangu wahamie pale, akagundua ina buibui.

Chumbani kukasikika kicheko kidogo kilichobanwa, kisha kikazibwa na mkono, kisha kikaponyoka.

"Mnacheka nini?"

"Hatucheki," mke akasema, akicheka.

"Mnacheka!"

"Soksi yako ina tundu," binti akaeleza. "Kidole gumba kimetoka. Ukipiga kelele kinacheza."

Alikaza kidole kisicheze. Si rahisi kukikaza kidole usichokiona. Alisikia damu inampanda tena kichwani, masikio yale yale, na akataka kuinuka avunje kitu, chochote, lakini cha kuvunja kilichokuwa karibu ni mlango, na mlango ulikuwa umekwisha kumshinda.

Yule mteja alichungulia kutoka barazani. Alikuwa amejifunga taulo kichwani upande usiosukwa. Alimwangalia Bwana Pole juu mpaka chini, yaani kutoka kichwani mpaka pale alipoishia.

"Shemeji, nikuletee mto?"

"Nenda kwako, dada. Hii ni shughuli ya familia."

"Niende kwangu na kichwa hiki? Nina usaili wa kazi Jumatatu, shemeji. Mkeo hatoki humo mpaka wewe utoke hapo, kwa hiyo shughuli ni yetu sote." Akaingia sebuleni, akarudi na mto wa kochi, akamwekea chini ya kichwa bila kusubiri ruhusa. "Namfuata fundi seremala pale kona. Usiondoke."

Aliposema usiondoke hakuwa na nia mbaya, lakini chumbani kicheko kilianza upya.

*

Seremala alikuja na msumeno mdogo, patasi, na penseli sikioni. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Hakusalimu. Alipiga magoti, akapapasa plaiwudi kwanza, kisha mguu, kwa umakini uleule.

"Mwenye nyumba alinunua wapi takataka hii?"

"Sijui, fundi. Nitoe."

"Mlango umekwisha. Mguu utapona. Ingekuwa mlango wa mninga, mambo yangekuwa kinyume." Akachukua patasi. "Usitikisike. Mkono wangu una miaka mingi."

Akaanza kuchonga kidogo kidogo. Alipoinama kuona vizuri, uso wake ukawa mkabala na uso wa Bwana Pole. Akasimamisha patasi. Akainua miwani.

"Hebu subiri. Wewe si yule bwana wa dirishani? Idara ya maji?"

Bwana Pole akafumba macho.

"Ndiye!" seremala akasema, kwa furaha ya mtu aliyekutana na jamaa wa siku nyingi. "Wiki iliyopita nilikuja pale, bwana. Nilikutukana! Nilikutukana matusi mengine ambayo sikujua kama bado ninayakumbuka. Nikamtaja mama yako. Nikamtaja na bibi. Watu kwenye foleni wakaniambia mzee inatosha. Na wewe je? Umenitazama tu. Pole sana, mteja wetu. Nikarudi karakana nikamwambia mwenzangu, leo nimekutana na mwanaume. Mwanaume mwenye breki."

 Seremala akaendelea kuchonga huku akitikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Nilitaka nikirudi nikuombe radhi," akaongeza. "Basi samahani. Hasa ile ya bibi."

"Fundi," mke akaita kutoka ndani.

"Naam, mama."

"Alikuangalia tu?"

"Alitabasamu!"

"Ahsante, fundi."

Bwana Pole alijua kinachokuja. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa na maelezo yake, na yalikuwa mafupi: akikasirika haoni. Giza linashuka, hajui anachofanya, likiondoka anakuta vitu vimevunjika. Alikuwa ameyasema kwa wakwe, kwa kaka yake, hata kwa mwalimu wa binti alipouliza kwa nini mtoto anashtuka kiti kikiburuzwa. Aliyasema kwa huzuni, kama mtu anayeeleza kifafa.

"Baba mtoto," mke akasema. Sasa alikuwa amesogea. Sauti yake ilitokea pale pale palipokuwa na tundu. "Lile giza lako."

"Tuzungumze nikishatoka."

"Tuzungumze sasa, ukiwa umetulia. Lile giza lako, linaonaje njia? Maana lilivunja vikombe vyangu, likaruka televisheni yako. Limevunja kioo changu cha kazi mara ngapi, simu yako haijawahi hata kupata mkwaruzo. Giza gani hilo linalojua mali ya nani iko wapi?"

"Mama nanii, mbele ya watu…"

"Na leo ulivua viatu."

"Nini?"

"Viatu. Umerusha beseni, umemfukuza mteja wangu, unakuja mbio kutuvunjia mlango, halafu ukasimama pale mlangoni ukavua viatu. Nilikusikia. Kimoja, halafu kingine. Ukaviweka sawa. Kwa sababu sakafu nilipiga deki asubuhi, na wewe hupendi sakafu ichafuke." Akagonga plaiwudi kwa kidole. "Mtu asiyeona havui viatu."

Seremala alikuwa ameacha kuchonga. Yule mteja, aliyesimama kwenye mlango wa sebule, alijifanya anakagua dari, naye akamwona buibui.

 Bwana Pole alikuwa na jibu kwa kila mtu kwenye dirisha lile, lakini hapa chini, kichwa kikiwa juu ya mto wa kochi na mguu kwenye nchi nyingine, hakuwa na hata moja. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikumbuka. Alikumbuka kabisa alivyoinama kufungua kamba za viatu.

Akageukia upande uliobaki. "Mlikuwa mnanicheka," akasema. "Nimetoka kazini nimemwagiwa maji kama mbwa, nafika kwangu nakuta mtoto wangu mwenyewe ananifanyia maigizo, mnanicheka."

"Sikuwa nakucheka," binti akasema.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, na ilitokea chini, kama vile alikuwa amekaa sakafuni karibu na ule mguu.

"Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Nilikuwa naiga ile sauti. Ile siku nilikuja ofisini kukusubiri, nikakaa nyuma ya lile kabati, nikakusikia unavyoongea na wale watu. Hata wakikuchafua unaongea vizuri." Akavuta pumzi. "Huwa naiiga nikiwa peke yangu. Naipenda. Huku huwa huji nayo."

Patasi ya seremala ikaanguka. Mzee akaiokota taratibu sana, kama anayeogopa kuamsha mtu.

Bwana Pole aliweka mkono juu ya macho. Waliokuwepo walidhani ni maumivu ya mguu, na yeye akawaacha wadhani hivyo.

*

Mguu ulipotoka, mlango ulifunguliwa. Juu ya kitanda kulikuwa na begi lililofungwa zipu. Aliliona.

"Usiniondokee," akasema. "Nakuomba. Nimeelewa."

"Nani kasema naondoka?" mke akamuuliza. "Hilo ni begi lako. Mimi nina wateja hapa, mtoto ana shule hapa. Wewe una kaka."

"Unanifukuza kwangu?"

"Nakupa likizo."

Aliangalia begi. Ndani, bila shaka, mashati yamekunjwa vizuri. Mwanamke huyu alikuwa anapanga nguo zake wakati yeye anatukana nje ya mlango. Labda alikuwa anaweka soksi wakati teke linatua. Alitaka kukasirika. Akagundua kila mtu mle ndani anamwangalia kuona kama atakasirika: seremala, mteja mwenye nusu kichwa, mke, na binti ambaye mgongo wake ulikuwa umegusa ukuta. Huo mgongo ndio uliommaliza. Akachukua begi.

Kwenye zahanati, muuguzi mwanamke mwenye mikono mikubwa alimchoma sindano ya pepopunda, akaanza kumtoa vibanzi kwa koleo.

"Umeumwa na nini?"

"Mlango."

"Ulikuwa umeuchokoza?"

 Muuguzi akachomoa kibanzi kirefu, akakitazama kwenye mwanga kama anayekipenda.

"Nawapata wengi," akasema. "Milango, kuta, kioo cha gari. Kuna mmoja alipiga ngumi friji. Friji ikashinda. Lakini hao angalau wanakuja wenyewe. Wengine wananiletea wake zao, halafu wao ndio wanaoeleza: ameanguka bafuni." Akamtazama. "Wako yuko wapi?"

"Nyumbani. Sikumgusa. Sijawahi kumgusa."

"Bado," muuguzi akasema, kisha akaendelea na kazi. Neno hilo moja lilimchoma kuliko koleo. Aliporudisha pumzi, mwanamke alimwambia, bila kumtazama, kwamba Alhamisi jioni kuna wanaume wanakutana pale katika chumba cha chanjo. "Usije na maelezo. Njoo na hiyo bandeji tu."

*

Kaka yake alimpokea kwa kumcheka. "Mke anakutoa kwako, na wewe unatoka? Mwanaume bila hasira ni mwanaume au godoro?" Alikuwa mtu wa kuendesha pikipiki ya mizigo, mwenye kifua na sauti, na Bwana Pole alikuwa amemwonea wivu tangu utoto wao.

Lakini hakuwahi kukaa nyumbani kwa kaka yake saa ambazo kaka hayupo. Mchana, alipokuwa akiuguza mguu, ile nyumba ilikuwa na makelele ya heri: shemeji anaimba jikoni, watoto wanagombania kochi. Ikifika jioni, mngurumo wa pikipiki unasikika mbali, na nyumba inazimika. Televisheni inapunguzwa. Viatu vinapangwa. Watoto wanakuwa na kazi za kufanya katika vyumba vingine. Hata paka alikuwa na njia yake ya dirishani. Kaka anaingia, anakuta kimya, anafurahi. "Unaona?" anamwambia mdogo wake. "Heshima."

Siku moja mezani Bwana Pole alinyoosha mkono kuchukua chumvi iliyokuwa upande wa shemeji yake. Shemeji akajikunja, bega likapanda mpaka sikioni. Ilikuwa sekunde tu. Kisha akajinyoosha, akacheka kwa aibu, akasema, "Samahani, shemeji."

Mwanamke alimwomba yeye msamaha kwa kushtuka. Bwana Pole aliishika ile chumvi mkononi na hakuitia. Alikuwa ameiona ile namna ya kujikunja mahali pengine, mara nyingi, akaiita utundu, akaiita uzembe, siku nyingine akaiita mtoto kukosa adabu.

Alhamisi akaenda.

Chumba cha chanjo kilikuwa na viti vya watoto, vya rangi nyekundu na njano, na ukutani sungura anayepiga mswaki. Wanaume wazima walikuwa wamekaa juu ya viti hivyo, magoti yakigusa videvu: mwokaji mikate, dereva wa lori, mwalimu wa hesabu, na bwana mmoja mnene ambaye kila akiinuka kiti kiliinuka naye. Ni vigumu mtu kujifanya simba akiwa kwenye kiti kama hicho, na huenda muuguzi alilijua hilo.

Hakuwahubiria. Aliuliza maswali ya kijinga. Hasira inakuanzia wapi mwilini? Mwokaji akasema tumboni. Dereva akasema vidoleni. Bwana Pole akasema masikioni, wakamcheka, naye akavumilia. Na kabla ya masikio? Muuguzi hakuacha. Kabla ya masikio kulikuwa na nini?

Bwana Pole akatazama mapaja yake. "Suruali ilikuwa imelowa," akasema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwalimu wa hesabu alisema kwamba yeye huchapa meza nyumbani kila mkuu wa shule akimwita ofisini. Dereva akasema yeye sasa akisikia vidole vinawasha anatoka kwenda kuosha lori, na lori limekuwa safi kiasi kwamba tajiri wake amemshuku anaiba mafuta ya kung'arishia. Muuguzi aliwaambia kwamba kutoka nje si kukimbia, alimradi mtu aseme anarudi saa ngapi, na arudi. Kwamba aibu ikikosa pa kukaa hujivika hasira, kwa kuwa hasira ina mabega mapana. Na kwamba mtu anayeweza kumeza matusi ya foleni nzima hana tatizo la breki. Ana tatizo la kuamua nani anastahili zile breki.

Jumatatu iliyofuata Bwana Pole aliingia ofisini kwa bosi, akafunga mlango nyuma yake polepole, akamwambia kwamba mteja akimmwagia maji tena hatamwomba radhi.  Bosi aliguna, akachezea kalamu, akasema watalitazama. Hawakulitazama. Lakini siku hiyo Bwana Pole alirudi kwa kaka yake akiwa amechoka uchovu wa kawaida tu.

*

Mke alimrudisha taratibu, kama anayejaribu maji kwa kidole. Kwanza chai za Jumapili barazani. Kisha chakula. Yule mteja wa usaili alipata kazi, akawa anakuja kusukwa na kumkagua shemeji kwa jicho la mtu mwenye hisa. Siku moja Bwana Pole alisikia masikio yakipata moto kwa sababu ya bili ya umeme, akasema, "Natoka, narudi baada ya robo saa," akazunguka mtaa, akarudi, akasimama mbele ya mke wake akisubiri.

"Nini?" mke akamuuliza.

"Nimetoka. Nimerudi."

"Nimekuona."

"Sikuvunja kitu."

"Ulitaka nikupigie makofi?" mke akasema, akaendelea kukata vitunguu. "Jirani naye hajavunja kitu leo. Hajaja kuniambia."

Alimeza hilo pia. Usiku wa siku hiyo begi lilirudi juu ya kabati. Binti, hata hivyo, alikuwa na adabu. Ndilo tatizo lililobaki. Aliitika haraka, alitabasamu haraka, alikubali kila kitu. Ukimuuliza anataka yai au mkate, anauliza baba anataka nini. Bwana Pole alizungumza naye kwa sauti laini mpaka sauti ikamchosha koo, na msichana akajibu kama karani.

Basi ikawa siku ya mechi ya mpira wa pete shuleni. Alikuwa ameahidi kufika. Foleni dirishani ilikuwa ndefu, mzee mmoja hakuwa anamaliza kulalamika, na alipofika uwanjani magoli yalikuwa yanang'olewa. Binti yake alikuwa amesimama pembeni na wenzake, jezi imejaa vumbi.

"Nimechelewa," akasema. "Kazini—"

"Ulisema utakuja!"

Ilikuwa kelele. Wenzake wakageuka. Mwalimu wa michezo, akiwa na mpira kwapani, akasimama.

"Nilikuwa natazama getini mechi nzima! Nimekosa magoli mawili kwa sababu nilikuwa natazama geti! Kila siku watu wa maji, watu wa maji, mimi siyo mtu?"

Uwanja mzima ulikuwa unamwangalia baba aliyesimama na kofia mkononi akigombezwa na mtoto. Moto ukampanda, akausikia ukija, masikioni, mahali pake pa siku zote. Binti naye akauona. Akakatisha maneno katikati, mdomo wazi, bega moja likaanza kupanda.

Bwana Pole akakaa chini. Hapohapo kwenye vumbi, na suruali ya kazini. Ndilo jambo pekee lililomjia.

"Endelea," akasema. Sauti haikuwa ile laini, wala haikuwa ile nyingine.

"Nimemaliza," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Hujamaliza. Umefika kwenye watu wa maji."

Msichana akamtazama. Akatazama mikono ya baba, imelala tu vumbini. Akatazama wenzake. Bega likashuka.

"Na mkutano wa wazazi pia hukuja," akasema, kwa majaribio.

"Kweli."

"Na ulimwambia mwalimu mimi ndiye niliyekupa tarehe isiyo sahihi!"

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema! Na mimi sikusema kitu kwa sababu…" Sauti ikapanda yenyewe, ikawa kubwa, ikawa mbaya, ikawa na machozi ndani yake, na haikusimama. Ilimsimamia kichwani pale vumbini, ikamfuata alipoinuka, ikatoka naye getini na kuteremka naye barabara nzima, yeye amebeba begi la shule, binti akitangulia na kugeuka kila hatua chache kukumbuka jingine.

Mke aliwasikia kabla hawajafika kwenye kona. Alikuwa barazani na kichwa cha mtu mapajani. Vidole vyake vikasimama kwenye nywele.

"Kuna nini huko?" mteja akauliza.

Mke akasikiliza. Ilikuwa sauti moja tu iliyokuwa juu, na haikuwa ya mwanaume.

Walipoingia getini, baba ana vumbi mpaka kwenye shati, binti bado anahesabu makosa, mke alimwangalia mume wake.

"Anakugombeza?"

"Tangu shuleni."

"Una makosa?"

"Ninayo. Mengine nilikuwa nimeyasahau."

"Basi kaeni mahali amalize," mke akasema, akawasogezea benchi kwa mguu, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu akasuka bila kusikilizia kitakachovunjika.